Nyumba Iliyowekwa Rehani

Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba nchi ya Wazigua, wako waliojiweka rehani wao wenyewe na watoto wao ili wapate chakula. Wengi hawakukombolewa, walivushwa bahari wakawa watumwa huko Somalia. Baadhi ya wazao wao walirudi Handeni kama wakimbizi baada ya vita vya mwaka 1991, wakiwa bado wanasema Kizigua.

Leo mtu hawekwi rehani, bali nyumba yake. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufikiwa na MKURABITA, mpango ulioanzishwa mwaka 2004, ambao uliwasaidia wakulima kupata hati za ardhi. Waliambiwa kwamba hati yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Ni kweli, lakini kiwezacho kuwekwa dhamana chaweza pia kuchukuliwa. Mvua ikikosa Handeni, au biashara ikilala Korogwe, deni halilali.

Yafaa basi tujiulize: je, ni haki Serikali itumie mali ya wote kumwokoa mmoja asiuziwe nyumba yake? Yuko atakayesema: “Mimi sikukopa. Nililala chini ya nyasi miaka mingi, nikajenga tofali kwa tofali. Kwa nini kodi yangu ilipe deni la jirani?” Hoja hii si ya kubezwa. Mwenye kuipuuza atawafundisha watu kwamba kulipa deni ni ujinga.

Lakini hatuna budi kupambanua. Aliyekopa akaponda mali si sawa na aliyekopa akalima, mvua ikamnyima. Tena mkopeshaji, alipoitaka faida, aliikubali na hatari. Si haki msiba ubebwe na mnyonge peke yake. Na ndani ya nyumba wamo wasiokopa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenzi wake, kwa kuwa paa moja hufunika watu wengi. Watoto hawakuweka sahihi popote, nao ndio watakaolala nje.

Msaada ulio wa haki, basi, si kufuta deni bali kutoa muda. Mwaka 1933 Serikali ya Marekani iliunda shirika lililochukua madeni ya nyumba zipatazo milioni moja, likawapa wenyewe miaka zaidi ya kulipa. Wengi walilipa, wasiolipa walinyang'anywa. Nasi mwezi Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliyaruhusu mabenki kuzungumza na wakopaji walioathirika na kuipanga upya mikopo yao. Lakini nafuu hiyo ni ya aliyekopa benki. Aliyekwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, atapewa muda na nani? Huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza, naye ndiye asahauliwaye.

Nehemia aliposikia kwamba watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, aliwakemea wakubwa, akawataka wazirudishe. Wala hakujitenga: alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha.

Dawa ya deni ni kulipa, nasi hatulikani neno hilo. Lakini mgonjwa hupewa nafasi ya kumeza dawa yake. Hafukuzwi kitandani kwanza.