Kumficha Tabibu Maradhi: Je, Ni Sitara au Ni Khiyana?

Tumeulizwa swali na mmoja wa ndugu zetu wanaohudhuria darasa letu, nalo ni hili: Mtu aliyepatwa na maradhi akaona haya kuyataja, je, ana haki ya kuyaficha hata kwa yule anayempa dawa? Na ikiwa dawa hiyo ilimdhuru, dhima ni ya nani? Ni ya aliyeficha, au ya aliyeuza, au hapana dhima kwa mtu yeyote kwa kuwa yote ni kudra?

Swali hili halikuzuka bure. Limetokana na jambo lililotokea hapa Mamboleo, na maadam ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wana wagonjwa na maduka ya dawa mfano wa haya yetu, tumeona yafaa tulijibu kwa urefu kidogo.

Kisa chenyewe ni hivi. Kijana mmoja, ambaye hatumtaji yeye wala ukoo wake, figo zake zilikufa. Nduguye wa tumbo moja akampa figo moja katika zake mbili, akapandikizwa, akapata afya. Mwenye figo ya kupewa hana budi kutumia, muda wote figo ile inapofanya kazi, dawa za kupunguza kinga ya mwili, ili mwili usiione figo kuwa ni mgeni ukaipiga vita. Kijana huyu hakutaka watu wajue. Alichelea kuitwa nusu mtu, na alichelea posa yake kukataliwa. Baadaye akatokwa na utando mweupe mdomoni, jambo ambalo si ajabu, kwani kinga ikipungua kuvu hupata nafasi. Akaingia duka la dawa lililo karibu, akakuta watu wamejaa, akataja utando tu. Akapewa vidonge vya kuvu, akavimeza kwa siku kadhaa. Mikono ikaanza kutetemeka, kichwa kikamuuma, mkojo ukapungua. Alipofikishwa kwa matabibu wake, damu yake ilionekana imejaa ile dawa ya kinga kupita kiasi, na figo ya nduguye imekwisha kuumia. Kijana yu hai, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu, lakini figo haikurudi kama ilivyokuwa.

Basi na tufahamu kwanza jambo lenyewe, kwani hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu.

Dawa hizi za kinga, zilizo mashuhuri ni mbili. Moja ni siklosporini, iliyotokana na kuvu aliyepatikana katika udongo uliochukuliwa Norway mwaka wa 1969. Ya pili ni takrolimusi, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Tsukuba huko Japani mwaka wa 1984. Tazama hekima hii: kuvu mmoja atoa dawa inayomhifadhi mgonjwa wa figo, na kuvu mwingine amwotea mgonjwa huyo huyo kwa sababu ya dawa ile. Dawa zote mbili mpaka wake ni mwembamba. Ikipungua kidogo, mwili waikataa figo. Ikizidi kidogo, dawa yenyewe yaiunguza figo. Ndiyo maana matabibu hupima damu ya wagonjwa hawa mara kwa mara.

Sasa, dawa hutokaje mwilini? Katika ini na katika ngozi ya ndani ya utumbo mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyoivunjavunja dawa. Mfano wake ni makuli wa bandarini. Shehena ikiingia, makuli waipakua na kuiondoa, na gati labaki wazi kwa shehena ya kesho. Dawa nyingi za kuvu za jamii ya flukonazoli, itrakonazoli, ketokonazoli na vorikonazoli huwazuia makuli wale wale wanaoiondoa dawa ya kinga. Mgonjwa ameza kidonge chake cha kinga kwa kipimo kile kile cha jana, lakini cha jana hakijaondoka. Shehena yarundikana gatini, na dawa yageuka sumu. Kwa hiyo tabibu anayempa mgonjwa vorikonazoli hukipunguza kipimo cha takrolimusi hata kikawa thuluthi moja tu. Na dawa ya kuvu ikisimamishwa, makuli warudi kazini, na dawa ya kinga yaweza kushuka hata figo ikakataliwa. Basi kuanza kwahitaji khabari, na kuacha kwahitaji khabari. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake: huwazidisha makuli, na dawa ya kinga ikatoweka. Hata balungi, tunda tunalolila kwa furaha, maji yake huwazuia makuli wa utumboni.

Wala msidhani kuwa twazitukana dawa hizi. Flukonazoli imeokoa roho nyingi katika nchi hizi za Ziwa, hasa za wenye virusi vya UKIMWI wanaoshikwa na kuvu wa ubongo. Na lipo la ajabu zaidi. Matabibu wa Mansoura, huko Misri, waliwapa wagonjwa wa figo ketokonazoli kwa makusudi, pamoja na dawa ya kinga, ili kipimo cha dawa ya kinga kipunguzwe na gharama yake ishuke kwa maskini. Walikuwa wakiipima damu na kuwaangalia wagonjwa wao. Basi dawa ni za namna ile ile, na mkutano ni ule ule. Huku umekuwa rehema, na huku umekuwa msiba. Kilichotenganisha baina yao ni ilimu. Huko Misri tabibu alijua kilichomo ndani ya mgonjwa wake, na hapa hapana aliyejua.

Tukirudi kwenye swali, sisi twasema kuwa hapa pana watu watatu.

Wa kwanza ni mgonjwa. Wako watakaosema kuwa kujisitiri ni katika adabu njema, na sisi hatukatai. Lakini sitara ni kujificha na jicho lisilo na haja. Jicho la tabibu lina haja. Anayemficha tabibu ni kama nahodha anayemficha rubani mwamba ulio njiani. Na figo ile haikuwa mali yake peke yake. Ilikuwa ni amana ya nduguye, aliyejitia kisuni kwa ajili yake. Basi twasema kwa huruma, lakini twasema wazi: kumficha tabibu si sitara, ni kuipoteza amana.

Wa pili ni muuzaji. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtia dhima mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na ilimu ya tiba. Na imepokewa pia na Abu Daud khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa, akapewa fatwa ya kuoga na wenziwe wasiojua, akafa. Mtume aliwakasirikia mno, akawafahamisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Muuzaji yule hakuuliza. Lau angaliuliza neno moja tu, kuwa ni dawa gani nyingine unayotumia, huenda shari ile isingalitokea. Asiyeuliza hawezi kusema kuwa alifichwa.

Wa tatu ni sisi sote, na hapa ndipo penye uchungu. Kwa nini kijana yule alinyamaza? Kutoka Mamboleo hadi hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga si mbali. Ni ile iliyofunguliwa mwaka wa 1969, ambayo watu wangali wakiiita kwa jina la Urusi, kwa kuwa Warusi ndio waliosaidia kuijenga. Basi si umbali uliomzuia. Kilichomzuia ni ndimi zetu. Alijua kuwa neno atakalolisema dukani saa nne litafika barazani saa sita, na jioni litakuwa nyumbani kwa wachumba wake. Wako hata walionong'ona kuwa figo ya kupewa ni haramu, ilhali Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwezi wa Februari 1988 iliruhusu jambo hilo kwa masharti, miongoni mwayo kuwa mtoaji asidhurike wala kiungo kisiuzwe. Watu wasiojua waliharimisha, na watu wasio na kazi walieneza. Sisi ndio tuliomfunga mdomo, kisha twamlaumu kwa kunyamaza!

Ama wanaosema kuwa ni kudra na yamekwisha, twawauliza: mtu akiacha mlango wazi akaibiwa, je, hamsemi kuwa alighafilika? Kudra ni faraja ya aliyekwisha kufanya jitihada yake. Si kichaka cha kujifichia aliyeiacha.

Wal-hasili, ewe mgonjwa, andika majina ya dawa zako zote katika karatasi, uichukue kila uendako kutibiwa, na umpe karatasi hiyo anayekutibu kabla hujapokea kidonge cha pili. Ukiona haya kusema mbele za watu, karatasi haina sauti. Ewe muuzaji, uliza kabla ya kupokea fedha, tena umuulize mtu kando, na usilolijua umpeleke kwa ajuaye. Nasi tulio barazani, tukisikia maradhi ya mtu, na yaishie masikioni mwetu. Huenda neno tutakalolimeza leo likawa ndilo litakalomfungua mgonjwa mwingine mdomo kesho, akapona.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.