Spika Iliyoungua na Haki ya Mtuhumiwa

Sabufa ya nyumbani ikianza kukwaruza, au upande mmoja ukanyamaza, mwenye nyumba wa Nkwenda, mkoani Kagera, hutoa hukumu kabla hajaifikisha kwa fundi: spika imekufa. Huenda amepatia, lakini kupatia si kujua. Je, ni lini tuna haki ya kusema kwamba kitu fulani, au mtu fulani, ndiye chanzo cha ubaya? Ninashikilia kwamba tuhuma haina haki mpaka ipitie kipimo ambacho kingeweza kumwachia mtuhumiwa. Fundi makini hufanya hivyo hivyo: spika ya kushoto huiunga kulia, ya kulia huiunga kushoto. Ubovu ukiifuata spika, ameishuku kwa haki. Ukibaki upande ule ule, spika haina kosa, na atafute kwenye waya au amplifaya. Mantiki hii ya kubadili jambo moja tu huku mengine yakibaki yalivyo ndiyo aliyoieleza mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1843. Kisha spika hutenganishwa na nyaya zake na kupimwa kwa mita. Yenye alama ya omu 8 husoma karibu 6, kwa kuwa mita hupima ukinzani wa waya wa koili tu. Isiposoma kitu, njia ya umeme imekatika. Koili inaweza kusoma vizuri na bado ikasugua chuma cha sumaku, ndiyo maana fundi huibonyeza karatasi ya spika taratibu akisikiliza mkwaruzo.

Hata hivyo, spika iliyothibitika kuungua haijathibitika kuwa mkosaji. Transista za amplifaya zikishoti, zinaweza kuisukumia koili umeme mfululizo kama wa betri. Koili haitikisiki kutoa sauti, inasimama ikipata moto hadi inaungua. Fundi akifunga spika mpya bila kuipima amplifaya, hiyo mpya nayo itaungua. Kilichoharibika na kilichoharibu ni vitu viwili, na hapa ndipo hukumu nyingi za wanadamu hupotea: tunamkamata yule ambaye ubaya umeonekana kwake, tukaridhika.

Kuna pingamizi: mwanafalsafa Pierre Duhem alionyesha mwaka 1906 kwamba hakuna dhana inayopimwa peke yake. Nyuma yake kuna vyombo na dhana nyingine tunazoziamini. Ni kweli, mita yenyewe inaweza kuwa mbovu. Lakini hilo nalo linapimika: gusanisha ncha zake mbili, nayo isome karibu sifuri. Shaka ya namna hiyo haituzuii kujua, inatuonyesha tu cha kupima kabla.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanadamu si spika. Mtoto akiugua, hatuwezi kumhamishia upande wa pili tuone ugonjwa utamfuata nani. Nakubali, na kwa hiyo tahadhari inapaswa kuongezeka. Kanda ya Ziwa, ambayo Kagera ni sehemu yake, inajua gharama ya ramli chonganishi: vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mpiga ramli aulizwe: ni matokeo gani yangeonyesha kwamba jirani anayemtaja hana hatia? Mgonjwa akipona, mchawi amezidiwa. Akifa, mchawi ameshinda. Hapo hakuna mlango wa kutokea.

Muumini atasema kwamba mambo ya rohoni hayapimwi kwa mita. Sitaki yapimwe hivyo. Lakini maandiko yenyewe hayakulishusha sharti la ushahidi: Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, hukataa kumtia mtu hatiani kwa shahidi mmoja na huwataka waamuzi wachunguze kwa bidii, na katika sheria ya Kiislamu mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai. Anayeamini kwamba Mungu huiona mioyo ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutomtaja jirani kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona.