Je, Ushujaa Wafuta Uzembe?

Watu husifu ushujaa wakati wa msiba, nasi twausifu. Lakini yatupasa kuuliza pia ni jambo gani lililoufanya ukahitajiwa.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina iliupiga mji wa New Orleans, Marekani. Sehemu nyingi za mji huo zi chini ya usawa wa bahari, na hulindwa kwa matuta na kuta. Siku ile kuta za mifereji zilibomoka, maji yakafunika zaidi ya robo tatu ya mji, na waliokufa kwa tufani hiyo walipita 1,000. Wavuvi na raia wengine wakaja na mashua zao wenyewe kuwatoa watu juu ya mapaa. Na walinzi wa pwani wa serikali wakaokoa zaidi ya watu 33,000.

Huenda mtu akasema: "Tufani ni kudra, nani wa kulaumiwa?" Twamjibu: upepo hauna wa kuuzuia, lakini ukuta una mjenzi. Wahandisi waliochunguza walikuta kuwa baadhi ya kuta zilianguka kabla maji hayajafika kimo zilichojengewa, kwani udongo chini yake ulikuwa dhaifu.

Basi mwenye mashua apewe heshima yake kamili, wala heshima hiyo isifanywe pazia la kumsitiri aliyezembea. Kujenga vyema na kukagua kila mwaka ni amana isiyopigiwa makofi. Na kila aliyekabidhiwa ukuta amekabidhiwa roho za walio nyuma yake.