Kura ya Aliyehama

Ndugu zetu, mtu aliyehama Mombasa akenda kukaa Nangina, katika Kaunti ya Busia, kura yake ni ya wapi? Sisi twaona kura ni ushahidi, na shahidi husema alilolishuhudia. Maji ya Nangina ndiyo anywayo; vipi awachagulie mwakilishi majirani aliowaacha pwani? Sheria ya Uchaguzi ya 2011 yamruhusu kuhamisha jina lake, muradi aiarifu Tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 83, yataka taratibu zimrahisishie raia haki hii, zisimnyime. Basi ikiwa kibarua hawezi kujiandikisha ila kwa kupoteza ujira wa siku, wenye ofisi hawajatimiza wajibu wao. Wala aliyepata nafasi akaketi kwa uvivu hana udhuru.