Utulivu wa Nafsi na Wajibu wa Jamaa

Mgonjwa wa akili anapoambiwa aketi kimya, azingatie pumzi zake na kuyatazama mawazo yake yakipita pasipo kushindana nayo, je, amepewa dawa, au ameachiwa mzigo wake aubebe peke yake? Swali hili linatuhusu, kwa kuwa tiba ya namna hiyo sasa inasifiwa kila mahali.

Hatusemi kwamba ni upuuzi. Asili yake ni taamuli ya watawa wa Kibudha, ambayo Jon Kabat-Zinn aliiingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa mafunzo ya majuma kadhaa. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliirekebisha kwa ajili ya watu waliokwisha kupona sonona lakini wakawa katika hatari ya kurudiwa nayo. Utafiti wao wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa waliofaidika ni wale waliokwisha kuugua mara 3 au zaidi. Waliougua mara 2 tu hawakupata kinga hiyo. Mpaka huo husahauliwa upesi na wenye kuisifu. Kwa mtu aliyeugua mara nyingi, huzuni ndogo ya leo huamsha lawama za zamani, na mazoezi humsaidia kuzitambua mapema kuwa ni mawazo, wala si hukumu. Bali yule asikiaye sauti zisizokuwapo, kumfungia na ukimya ni kumfungia na sauti zenyewe. Huyo anahitaji daktari, dawa na mtu wa kumwangalia.

Katika lugha yetu, tukisema fulani “ana mawazo” tunamaanisha ana dhiki, na jirani asikiapo hivyo huenda kuketi naye. Katika uganga wa pepo wa pwani, jamaa walihudhuria na kugharimia. Ugonjwa haukuwa siri ya mtu mmoja. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, maana jamaa hao hao ndio waliowafunga wagonjwa kamba na kuwaficha uani.

Washona wa Zimbabwe wana neno “kufungisisa”, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza mjini Harare kuwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutafuta nao ufumbuzi wa tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 wagonjwa hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nao pia waliketi. Lakini waliketi wawili.

Kwa hiyo anayemfundisha mgonjwa kutulia tungependa atuambie pia ni nani atakayekuwa karibu naye mazoezi yakiisha, na nani atakayempa nauli ya kufuata dawa mwezi ujao.