Nguo Iliyonunuliwa Bila ya Kuonekana: Haki ya Mnunuzi na Amana ya Muuzaji

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kusema na ndugu zetu wa pwani juu ya jambo ambalo watu wengi wamelifanya jepesi, nalo si jepesi mbele ya Mungu. Katika zama zetu hizi biashara imetoka dukani ikaingia katika simu. Baba zetu walipotaka nguo waliishika kwa vidole, wakaivuta, wakaitazama juani, ndipo wakatoa fedha. Sisi twatoa fedha kwanza, kisha twangoja kuona tulichokinunua.

Ndugu mmoja alitujia baada ya Idi na kanzu mkononi na hasira kifuani. Alikuwa ameiona picha yake katika mtandao: kanzu nyeupe pe, yenye tarizi ya hariri shingoni, kipimo 58. Akatuma shilingi 3,000 kwa simu saa ile ile. Kanzu ilimfikia usiku wa kuamkia Idi. Alipoifunua aliona weupe wake una umanjano, tarizi si ya hariri, na mshono wa kikwapa umefumuka. Hakuwa na nyingine mpya. Asubuhi akaivaa akaenda kusali, na siku ya pili akamtaka muuzaji amrudishie fedha zake. Muuzaji akamjibu kwa maneno matatu: kwamba kanzu hakuishona yeye, ilimjia imefungwa kutoka ng'ambo, basi hakujua lililomo, kwamba chini ya picha ameandika kuwa mali ikiuzwa hairudishwi, na kwamba mnunuzi amekwisha kuivaa. Basi yule ndugu akatuuliza: Haki ni ya nani?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kujua biashara hii ni ya namna gani. Kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii haikuikubali, kwa kuwa ina ujinga ndani yake. Lakini kuna mlango mwingine, nao ni biashara ya salam, ambayo mtu hulipa fedha mbele kwa kitu kilichosifiwa sifa zake zote. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miaka miwili mbele, hakuwakataza, bali aliwaamuru kiwe kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Biashara ya simu, inapokuwa ni ya kitu kilichosifiwa na kulipiwa kwanza, yafanana zaidi na hii. Na ikiwa ndivyo, basi sifa ndiyo mali yenyewe. Aliyeahidi hariri akaleta isiyo hariri hakuleta mali mbovu tu. Hakuleta ile mali waliyopatana, na mnunuzi halazimiki kuipokea.

Tena yatupasa tuangalie ile picha. Imepokewa kuwa Mtume alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye chakula akasema kimepatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholoa juu watu wakakiona, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Tafakari, ndugu yangu: yule mtu hakusema uwongo hata neno moja. Kosa lake lilikuwa ni kupanga kizuri juu na kibaya chini. Na Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alimhesabu kuwa mdanganyifu yule mwenye kuonyesha uso mzuri wa nguo akauficha wa pili, na yule mwenye kutandaza nguo zake mahali penye giza. Zamani ila ilifichwa kwa giza. Leo yafichwa kwa nuru, kwani picha hutiwa mwangaza hata manjano ikawa nyeupe. Hukumu ni ile ile.

Sasa tuje katika maneno ya muuzaji, moja baada ya moja.

La kwanza ni kwamba hakujua. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili: dhambi na dhamana. Dhambi hufuata ujuzi, na asiyejua hana dhambi ya kuficha. Lakini haki ya kurudisha hufuata ila yenyewe, iwe muuzaji alijua au hakujua, kwa sababu mnunuzi alitoa fedha nzima kwa mali nzima, na kutojua kwa mwenziwe hakukuijaza kasoro ile. Muuzaji aweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado ikampasa kurudisha fedha. Naye akirudisha, na arudi kwa yule aliyemuuzia, naye kwa aliye nyuma yake. Si halali hasara ikae kwa wa mwisho kwa kuwa tu ndiye mnyonge.

Tena hakujua, lakini je, hakuweza kujua? Aliyeisifu hariri bila ya kuifungua bahasha alishuhudia jambo asiloliona. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikuwa mfanyaji biashara ya nguo katika mji wa Kufa. Imepokewa kuwa alimpa mshirika wake nguo yenye ila na kumwambia aibainishe kwa mnunuzi. Yule mshirika akasahau, wala aliyeinunua hakujulikana tena. Abu Hanifa akatoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Hakusema kuwa kosa ni la mshirika, wala kuwa ni kusahau tu.

La pili ni yale maandishi ya kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Twayaona katika maduka mengi na chini ya picha nyingi, na watu huyadhania kuwa ni sheria. Imamu Nawawi katika Minhaj amebainisha kuwa muuzaji akishurutisha kuepukana na ila zote, kauli yenye nguvu ni kwamba haepukani ila na kasoro ya ndani ya mnyama, asiyoijua. Nguo si mnyama. Haina ugonjwa uliojificha tumboni. Mwenye nguo aweza kuifunua na kuitazama. Basi maandishi yale yaweza kumzuia mtu aliyebadili nia tu, ambaye nguo yake ni kamili. Lakini hayamzuii aliyepewa mbovu.

Na serikali nazo zimesema karibu na hayo. Sheria ya kuuza bidhaa, ambayo Kenya na Tanganyika ziliirithi katika siku za utawala wa Kiingereza, yataka mali iliyouzwa kwa kusifiwa ilingane na sifa zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari za kumwezesha kuzijua, na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Na mwaka 2012 ikatungwa sheria ya kumlinda mnunuzi, inayotaja hata mapatano ya mtandao. Lakini Muislamu hangojei askari.

La tatu ni kuvaa, na hapa, ndugu yetu atuwie radhi, muuzaji ana hoja. Wanazuoni wetu wamesema kuwa haki ya kurudisha kwa ila ni ya papo kwa papo: mtu akiijua, na afanye haraka kwa kadiri ya ada, wala asikitumie kitu kile, akikitumia naye ajua, huwa ameridhika. Yeye aliiona ila usiku, akaivaa asubuhi. Simu aliyonunulia ilikuwa mkononi mwake; lau angepeleka neno usiku ule kuwa kanzu haikuridhiwa, akaenda kusali na kanzu yake ya zamani iliyo safi, haki yake ingesimama wima. Idi yataka usafi na kilicho bora katika ulivyo navyo. Haikumlazimisha mtu kuvaa mali anayotaka kuirudisha kesho. Basi kwa hukumu kavu, kurudisha kumempita.

Lakini je, muuzaji ndiyo ametoka salama? Hasha. Ikiwa alijua kuwa tarizi si hariri akaiita hariri, kuvaa kwa mnunuzi kumeifunga njia ya kanzu kurudi. Hakukuifunga njia ya dhambi. Tuliwaita wote wawili, tukawasomea haya. Muuzaji alinyamaza kitambo, kisha akatoa shilingi 1,000 na kuahidi kubadili maneno ya chini ya picha. Mnunuzi alizipokea naye akaomba msamaha kwa kuivaa. Wakapeana mikono.

Basi wasia wetu kwa wenye kuuza: fungua bahasha kabla ya kusifu, na ukiona ila, ipige picha ile ila kama ulivyoipiga tarizi. Na kwa wenye kununua: hifadhi maandishi ya mapatano, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara tuandikiane deni la muda, itazame nguo siku ifikapo, na ukiikataa, sema upesi na usiiguse. Wala usimwuzie mwenzio kasoro uliyouziwa wewe, ukadhani umejilipiza.

Waarabu huiita kasoro ya bidhaa *aibu*, nasi tukalichukua neno hilo tukalitumia kwa fedheha ya mtu. Tumelitumia vyema, kwani ila ikifichwa katika nguo huhama ikamkaa aliyeificha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali, na azibariki fedha zitokazo na zirudizo kwa haki. Amin.