Ondoka Madhabahuni, Nenda Ukapatane

Unasubiri nini?

Kila Jumapili unaiombea dunia amani. Unafumba macho, unainua mikono, unaitikia Amina kwa sauti ya kutikisa paa. Kisha unatoka nje, unampita jirani mnayegombania naye mpaka wa shamba bila hata salamu. Jioni unasambaza kwenye kundi la WhatsApp maneno ya mtu usiyemjua, akilitukana kabila la wenzako.

Hiyo ndiyo amani unayoiombea?

Usiniambie wewe ni mdogo. Usiniambie vita ni mambo ya marais na majenerali. Twende Buta.

Buta iko kusini mwa Burundi, eneo la Bururi. Pale kuna seminari ndogo, shule ya sekondari ya wavulana. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, nchi ikaingia vitani, chuki kati ya Wahutu na Watutsi ikapenya hadi madarasani. Lakini Buta waliendelea kulala bweni moja, kula pamoja, kucheza mpira pamoja. Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, hakuwaacha wajifanye hakuna kilichotokea. Aliwakalisha wazungumze. Waseme hofu yao, waseme hasira yao, mbele ya wenzao wa upande wa pili.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliivamia shule. Wakaingia bwenini, wakawaamuru vijana wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule.

Wakakataa.

Vijana 40 waliuawa.

Unadhani ujasiri ule ulizaliwa dakika ile? Hapana! Ulilelewa siku hadi siku, kwenye chakula, kwenye mpira, kwenye yale mazungumzo magumu ambayo wewe unayakwepa. Risasi ziliwakuta wameshakuwa ndugu.

Na wewe je? Ukiamriwa leo ujitenge, utafanya nini?

Wewe umeshajitenga, tena bila kuamriwa na mtu! Umejitenga kwenye kwaya, unakaa na wa kwenu. Umejitenga kwenye kura. Umejitenga binti yako alipoleta mchumba nyumbani, ukauliza kabila la kijana kabla hujauliza jina lake.

Acha!

Hukuumbwa uwe mtazamaji. Ndani yako amelala mpatanishi, na usingizi wake umekuwa mrefu mno. Mwamshe!

Mwaka 2003, kaskazini mwa Uganda, maelfu ya watoto walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, ili waasi wa LRA wasiwateke usiku. Askofu Mkuu John Baptist Odama angeweza kutoa tamko, akapanda kitandani kwake. Badala yake alitoka akaenda kulala nje pamoja na watoto wale, yeye na viongozi wenzake wa dini, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu. Askofu mkuu, chini, kwenye baridi! Na walikwenda mbali zaidi: waliingia msituni kuzungumza na wale wale waasi, watu ambao wengi walitaka wamalizwe tu kwa bunduki.

Wewe umeshindwa hata kuvuka barabara?

Najua unavyojitetea. "Yeye ndiye aliyenikosea." Sawa. Lakini katika Mathayo sura ya 5 Yesu hakuuliza nani alianza. Alisema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana kinyongo nawe, uiache sadaka pale pale, ukapatane naye kwanza. Sadaka isubiri. Ibada isubiri. Usiyeruhusiwa kusubiri ni wewe!

Wala sikuhubirii amani ya kuwaziba mdomo walioonewa. Mama aliyebakwa asiharakishwe kusamehe ili kikao kiishe mapema. Familia iliyochomewa nyumba ina haki ya kuambiwa ukweli na kulipwa. Kanisa linalowahi kusema "yaishe" kabla ya kusikiliza linazika bomu likiwa hai. Kazi ya amani ni ngumu kwa sababu hiyo: inakutaka usikie usiyopenda kusikia, ukae, usikimbie.

Utakaa?

Kuna mtu jina lake limekujia ulipokuwa unasoma habari za sadaka. Huyo huyo. Mpigie leo kabla jua halijazama. Akikata simu, mpigie kesho. Akikutukana, meza, halafu mpigie tena.

Ukimaliza naye usikae chini. Tafuta mwenzako mmoja kwenye jumuiya yenu, awe wa kabila ambalo mama yako alikuonya nalo. Nendeni wawili kwa ile familia inayopigania urithi, watoto wa tumbo moja wasiozikana. Nendeni kijiweni kwa vijana ambao kila uchaguzi hupewa hela kidogo na mawe mengi. Kaeni nao, kuleni nao, yajueni majina yao, mrudi wiki ijayo na inayofuata. Nendeni sasa, miezi mingi kabla ya kampeni, kabla wanasiasa hawajafika.